Kazi imekwisha Marekani, malipo hayajaja: majibu kwa wasomaji wetu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, na zote zinauliza jambo moja: malipo ya kukosa kazi, yale ambayo wengi huyaita "anemploimenti". Kuna waliokataliwa, kuna wanaosubiri, na kuna walioletewa deni.

Tuanze na jambo moja linalosahaulika. Pesa hizi si sadaka, wala si msaada wa maskini. Ni bima iliyoanzishwa kwa sheria ya Social Security ya 1935. Mwajiri hulipa kodi kwa ajili ya kila mfanyakazi aliyemwandikisha, na ni Alaska, New Jersey na Pennsylvania peke yake ambako mfanyakazi naye hukatwa kidogo. Serikali kuu imeweka misingi, lakini kila jimbo lina sheria yake, viwango vyake na tarehe zake. California hulipa hadi wiki 26 na haivuki dola 450 kwa wiki. Florida haivuki dola 275. Kwa hiyo shemeji yako aliyelipwa vizuri Minnesota si kipimo cha haki yako huko Texas. Dai hufunguliwa katika jimbo ulikofanyia kazi, hata kama umeshahamia kwingine.

*Nilianza kazi ya ghala Januari 2025, nikapunguzwa Agosti 2025. Miezi saba sikukosa hata siku moja. Niliomba wiki hiyohiyo, barua ikaja na kiwango cha dola 0. Ina maana mwajiri hakunilipia? — Msomaji, Houston*

Huenda mwajiri hana kosa, na wewe pia huna. Tatizo ni kalenda. Jimbo haliangalii miezi ya mwisho uliyofanya kazi. Mwaka hugawanywa kwa robo nne: Januari hadi Machi, Aprili hadi Juni, Julai hadi Septemba, Oktoba hadi Desemba. Huchukuliwa robo tano za mwisho zilizokamilika kabla hujaomba, kisha zikahesabiwa nne za mwanzo tu. Ile ya tano, iliyo karibu zaidi na leo, huachwa, kwa sababu mpango huu ulitungwa zama ambazo ripoti za mishahara zilichukua muda mrefu kufika.

Wewe uliomba Agosti 2025, kwa hiyo kipindi chako kilikuwa Aprili 2024 hadi Machi 2025. Ndani ya mwaka huo una robo moja tu yenye mshahara. Texas inataka mshahara uonekane katika robo zaidi ya moja, na jumla yake isipungue mara 37 ya kiwango chako cha wiki. Jasho lako la Aprili, Mei na Juni lilikuwa bado nje ya hesabu.

Dawa ni kuomba tena robo mpya inapoanza. Kuanzia Oktoba kipindi kinasogea na kuwa Julai 2024 hadi Juni 2025, na sasa una robo mbili. Lakini kuwa mwangalifu na siku yenyewe. Dai huanzia Jumapili ya wiki uliyoomba. Tarehe 1 Oktoba 2025 ni Jumatano. Ukiomba siku hiyo, dai litarudishwa hadi Jumapili ya 28 Septemba, yaani kwenye robo ileile iliyokunyima. Omba Jumapili ya tarehe 5 Oktoba au baada yake.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme Januari hadi Machi ulipata dola 9,000 na Aprili hadi Juni dola 8,500. Texas huchukua robo yenye mshahara mkubwa na kuigawa kwa 25: 9,000 kwa 25 ni dola 360 kwa wiki. Mara 37 ya 360 ni 13,320. Jumla yako ni 17,500, umevuka. Jumla ya malipo kwa mwaka mzima wa dai ni asilimia 27 ya mshahara wa kipindi, yaani dola 4,725, isipokuwa kama wiki 26 za kiwango chako ni pungufu ya hapo. Kwako hiyo ni kama wiki 13. Panga kodi ya nyumba kwa wiki 13, si kwa 26 uliyoisikia mtaani.

Katika majimbo mengine kuna kipindi mbadala kinachohesabu robo nne za mwisho zilizokamilika. California humpa yeyote asiyetosha kwa kipindi cha kawaida. Cha Texas ni cha aina nyingine: ni kwa yule ambaye ugonjwa, ajali au ujauzito ulimzuia kufanya kazi, na huhesabu robo za kabla hajazuiwa. Iulize ofisi kwa jina hilo, kipindi mbadala.

Na ukiiona dola 0, soma pia ukurasa wenye orodha ya waajiri. Kama kuna aliyekosekana, tuma slipu za mshahara na fomu ya W-2, ile ya mshahara wa mwaka anayokupa mwajiri, ukiomba hesabu irudiwe. Mara nyingi tarakimu moja ya namba ya Social Security iliandikwa vibaya kazini, na mshahara wako wote umelala kwenye jina la mtu mwingine. Kama ulilipwa kwa fomu ya 1099, kama wafanyavyo wengi wanaosambaza mizigo kwa magari, mwajiri alikuandika kama mkandarasi na hakulipa kodi ya bima. Usikate tamaa hapo. Omba jimbo lichunguze kama kweli ulikuwa mkandarasi: nani alipanga saa zako, nani alikuwa na uwezo wa kukufukuza, gari na vifaa vilikuwa vya nani.

*Nimepokea barua inayosema kiwango changu ni dola 412 kwa wiki. Wiki sita zimepita sijapata hata senti. Nikipiga simu naambiwa dai liko "pending", yaani bado linangoja uamuzi. Kwani si wameshakubali? — Msomaji, Columbus, Ohio*

Hawajakubali. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kaka. Barua ya kwanza ni ya hesabu tu: inasema mshahara wako ungekustahilisha kiasi gani kama mengine yote yakikaa sawa. Ruhusa ya kulipwa ni uamuzi mwingine kabisa, unaotazama kwa nini uliacha au uliachishwa kazi, kama unaweza na uko tayari kufanya kazi, na kama wewe ni wewe kweli.

Anza na jambo jepesi. Je, umekuwa ukijibu maswali ya kila wiki? Kufungua dai hakuleti pesa. Kila wiki, au kila baada ya wiki mbili katika majimbo kama California na Texas, lazima uingie kwenye mtandao au upige simu ujibu: uliweza kufanya kazi? Ulitafuta kazi? Ulikataa kazi? Ulipata mshahara wowote? Wiki usiyoijibu hailipwi, hata kama dai liko kwenye uchunguzi. Uamuzi ukitoka baadaye kwa faida yako, zinalipwa zile wiki ulizojibu. Tena katika majimbo mengi wiki ya kwanza inayostahili ni ya kungoja, haina malipo.

Kama unajibu vizuri, basi kuna fundo mahali fulani, na ni kazi yako kuuliza ni lipi. Usiulize "pesa yangu iko wapi". Uliza hivi: "Kuna suala gani lililozuia dai langu, na mnahitaji karatasi gani kutoka kwangu?" Swali hilo humlazimu afisa afungue ukurasa wa mazuio.

Kwa watu wetu, mazuio mawili hurudi mara kwa mara. La kwanza ni utambulisho: umetumiwa kiungo cha kupiga picha ya uso na kitambulisho, ujumbe ukaingia kwenye barua pepe usiyoifungua, muda ukapita. La pili ni hadhi ya uhamiaji. Ukijibu kwamba si raia, jimbo hulinganisha taarifa zako na kumbukumbu za serikali kuu kwa mfumo uitwao SAVE. Mfumo huo hauelewi majina yetu. Mtu mwenye majina matatu, la ukoo likiwa mwanzoni kwenye kadi moja na mwishoni kwenye nyingine, huonekana watu wawili. Wale walioandikiwa kambini kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kisha wakaandika tarehe yao ya kweli kwenye fomu ya kazi, nao hukwama.

Kwa hiyo andika jina lako, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule, kama lilivyo kwenye kadi yako ya uhamiaji. Tarehe ya kuzaliwa vivyo hivyo. Namba yako ya uhamiaji, inayoanza na herufi A, isikosewe. Pakia picha ya pande zote mbili za kadi. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi wana ruhusa ya kufanya kazi kwa hadhi yao yenyewe, kwa hiyo afisa akikutaka kadi ya kibali nawe huna, mtumie fomu ya I-94, ile ya kumbukumbu ya kuingia nchini, yenye muhuri au maandishi ya ukimbizi au hifadhi. Anayetegemea kibali chenye tarehe ya mwisho ajue kwamba kibali kikiisha, wiki za katikati hazilipwi mpaka kipya kipatikane.

Serikali kuu huyapima majimbo: malipo ya kwanza yasiyopungua asilimia 87 yanapaswa kutoka ndani ya siku 14 baada ya wiki ya kwanza yenye malipo, au siku 21 katika majimbo yasiyo na wiki ya kungoja. Wiki sita ni nyingi mno. Kama simu haijibiwi, andikia ofisi ya mbunge wako wa jimbo. Ofisi hizo zina watu wa kufuatilia kesi kama zako, hazitozi kitu, wala haziulizi uraia.

*Kuna mtu hapa kwetu anajaza maombi kwa dola 150 na kila wiki anabonyeza kwa niaba yetu. Ni salama? — Msomaji, Lexington, Kentucky*

Si salama, mama. Kuomba ni bure katika kila jimbo. Anayebonyeza kwa neno lako la siri anajibu maswali kwa kiapo, na kiapo hicho ni chako. Akiandika kwamba hukufanya kazi wiki uliyofanya siku mbili, barua ya deni na ya udanganyifu itakuja kwa jina lako. Na kama amejaza namba ya benki yake, pesa zako zitapita kwake kwanza.

Badilisha neno la siri leo. Angalia namba ya benki, namba ya simu na anwani kwenye akaunti yako. Kuhusu lugha, una haki ya mkalimani bure: ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na Sheria ya Haki za Raia ya 1964 zisimbague mtu kwa asili yake, na lugha imo humo. Simu ikipokewa, sema maneno mawili tu, "Swahili interpreter", kisha ngoja. Usikate simu hata kimya kikiwa kirefu. Anatafutwa mkalimani kwa njia ya simu. Andika tarehe, saa na jina la afisa.

*Nilifukuzwa kiwanda cha nyama kwa kujaza pointi za utoro. Mara ya mwisho nilikuwa na homa, nilipiga simu kabla ya zamu. Jimbo limeandika kwamba nilifanya kosa kazini na sistahili. Nifanye nini? — Msomaji, Waterloo, Iowa*

Kata rufaa, na uikate leo. Iowa inatoa siku 10 tu tangu tarehe ya kutumwa iliyoandikwa kwenye uamuzi, si tangu siku ulipofungua bahasha. Texas ni siku 14, Ohio 21, California na New York 30. Tarehe ya mwisho huandikwa kwenye barua yenyewe, nayo ni ukuta. Rufaa haihitaji Kiingereza cha wakili. Sentensi moja inatosha: jina lako, namba ya dai, "sikubaliani na uamuzi wa tarehe fulani, naomba kusikilizwa, nahitaji mkalimani wa Kiswahili". Sababu utazieleza baadaye.

Sasa ielewe hoja yako, kwa sababu una hoja nzuri. Kufukuzwa kazi ni jambo moja, kunyimwa bima ni jambo jingine. Mwajiri anaweza kukufukuza kwa kanuni zake za pointi. Lakini ili unyimwe malipo, Iowa inamtaka mwajiri athibitishe kwamba ulifanya kosa la makusudi, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kwa utoro, Iowa inauliza kama ulizidi na kama haukuwa na udhuru. Kukosa kazi kwa sababu ya ugonjwa, ukiwa umetoa taarifa inavyotakiwa, kuna udhuru, hata kama kiwandani umewekewa pointi. Kwa hiyo kesi yako yote imesimama juu ya ile simu uliyopiga kabla ya zamu.

Itafute kwenye simu yako sasa hivi, kabla kumbukumbu haijafutika. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba uliyopigia, tarehe na saa. Kama zamu ilianza saa 12 asubuhi na kanuni inataka taarifa dakika 30 kabla, saa 11 na dakika 20 kwenye skrini ile ina uzito kuliko maelezo ya nusu saa. Weka pia karatasi ya kliniki, ujumbe wowote kwa msimamizi, na barua ya kufukuzwa. Kisha orodhesha kila siku iliyopewa pointi: tarehe, sababu, ulimwarifu nani. Mwajiri ataleta orodha yake, nawe usiwe mikono mitupu. Tuma nakala kwa afisa wa rufaa na kwa mwajiri kabla ya siku yenyewe, kama notisi inavyoelekeza, vinginevyo zinaweza kukataliwa.

Rufaa hizi husikilizwa kwa simu. Soma notisi uone kama unapiga wewe au unapigiwa, na kama unatakiwa kusajili namba yako kwanza. Kuna wanaoshindwa kwa sababu ya hatua hiyo moja. Kaa chumba kisicho na watoto, simu ikiwa na chaji, karatasi mezani kwa mpangilio wa tarehe. Jaji ataanza kwa kiapo. Halafu atauliza kwa ufupi: siku ya mwisho kazini ilikuwa lini, nani alikuachisha, alikwambia sababu gani, tukio la mwisho lilikuwa nini. Jibu lililoulizwa, kisha nyamaza mkalimani afasiri. Ukisema dakika tatu mfululizo, nusu ya maneno yako itapotea njiani. Mkalimani akitumia neno usilolielewa, au akiwa wa lahaja inayokuchanganya, sema palepale, "sijaelewa tafsiri". Mtoto wako wa shule asifanye kazi hiyo.

Ikifika zamu yako ya kumhoji shahidi wa mwajiri, maswali mawili yanatosha. Je, wewe mwenyewe ulipokea simu yangu? Je, uliniona? Mara nyingi anayezungumza ni mtu wa ofisi ya utumishi aliyesoma faili tu, hakuwepo. Wewe ulikuwepo, na ushahidi wa aliyekuwepo una nguvu zaidi.

Katika muda wote huo endelea kujibu maswali ya kila wiki na kutafuta kazi. Iowa inataka shughuli nne za kutafuta kazi kila wiki, tatu kati yake ziwe maombi ya kazi. Wapo wanaoshinda rufaa baada ya miezi miwili na kulipwa wiki mbili tu, kwa sababu waliacha kujibu siku walipokataliwa. Hilo linatuuma kila tunapolisoma. Na ukishinda, kisha mwajiri akakata rufaa juu yako, malipo hayasimami kwa sababu hiyo peke yake; Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1971 katika kesi ya Java iliyotoka California.

*Hoteli imenipunguzia saa kutoka 40 hadi 10 kwa wiki. Naweza kuomba, au mpaka nifukuzwe kabisa? — Msomaji, San Diego*

Omba, dada. Saa zikipunguzwa bila wewe kutaka, hiyo ni kukosa kazi kwa sehemu.

California hukuachia dola 25 au asilimia 25 ya mshahara wa wiki, lolote lililo kubwa, kisha kinachobaki hukatwa kwenye kiwango chako. Tuseme kiwango ni dola 300 na ulifanya saa 10 kwa dola 18, yaani dola 180. Asilimia 25 yake ni 45, haziguswi. Zinazokatwa ni 135. Utalipwa 165, pamoja na zile 180 za hotelini. Hizo 135 hazijapotea. Zinabaki kwenye akiba ya dai lako.

Yanayoharibu hapa ni mambo mawili. Watu huandika pesa iliyoingia benki, ilhali linatakiwa lile fungu la juu kabla ya makato. Na huandika wiki waliyolipwa, ilhali inatakiwa wiki waliyofanya kazi. Wiki ya California huanza Jumapili na kwisha Jumamosi, na slipu yako ya hoteli huenda inakata katikati ya wiki. Basi weka daftari jikoni: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saa mara malipo. Jumamosi usiku jumlisha, ndiyo namba ya kuandika.

*Nafanya kazi kupitia wakala. Kazi ya msimu imekwisha, nikaomba malipo moja kwa moja. Nimeambiwa niliacha kazi mwenyewe! — Msomaji, Cedar Rapids, Iowa*

Mwajiri wako kisheria ni wakala, si kile kiwanda. Kazi ya mahali pamoja ikiisha, sheria za baadhi ya majimbo hukutaka umwarifu wakala na kuomba nyingine. Iowa ni ndani ya siku 3 za kazi, ilimradi wakala alikuonyesha sharti hilo kwa maandishi. Kwa hiyo jiulize mambo mawili kwa ajili ya rufaa: uliwahi kupewa karatasi hiyo na kuisaini? Na je, kuna simu au ujumbe wowote uliomtumia wakala siku zile, hata wa kuuliza "kesho vipi"? Ujumbe huo unaweza kukuokoa.

*Mzazi wangu amefariki Bukavu. Nikienda wiki tatu, kaka yangu anaweza kunijibia maswali? — Msomaji, Dallas*

Pole sana, Mungu amrehemu. La, asikujibie. Ukiwa nje ya nchi huhesabiwi kuwa uko tayari kufanya kazi, na wiki hizo hazilipwi. Mifumo mingi pia huona mtandao wa nchi ya nje na kufunga akaunti. Nenda ukazike kwa amani, ziache wiki hizo, na wiki uliyorudi fungua dai upya mara moja, kwa sababu ukiruka wiki dai husinzia, na likiamshwa huanzia wiki uliyoliamsha. Pesa zilizobaki utazikuta.

*Nilipata kazi dukani, lakini mshahara wa kwanza ulikuja baada ya wiki tatu. Nikaendelea kupokea malipo hadi siku ile. Sasa nadaiwa dola 1,100 na adhabu ya udanganyifu. — Msomaji, Nashville*

Ulifanya kama wengi: uliona huna pesa mkononi, ukaandika huna mshahara. Sheria inahesabu siku ya kufanya kazi, si siku ya kulipwa. Na jimbo lilijua, kwa sababu mwajiri anatakiwa na sheria ya serikali kuu kumripoti mfanyakazi mpya ndani ya siku 20, na orodha hiyo hulinganishwa na ya wanaolipwa.

Tenganisha mambo mawili. Deni la 1,100 huenda ni halali. Kagua tu hesabu, kwa sababu huenda wiki moja ulifanya saa chache na ulistahili sehemu ya malipo. Adhabu ya udanganyifu ni jambo jingine. Serikali kuu inayataka majimbo yaongeze isiyopungua asilimia 15, kwako ni dola 165, na alama ya udanganyifu inaweza kukufungia malipo ya baadaye na hata kuchukua marejesho yako ya kodi ya serikali kuu. Udanganyifu unahitaji nia. Kata rufaa juu ya neno hilo, eleza ulivyolielewa swali, kwa lugha gani ulilisoma, na kwamba uliacha kujibu siku ile mshahara ulipoingia. Ukibaki na deni lisilo la udanganyifu, omba msamaha wa deni kama jimbo lako linao, au mpango wa kulipa kidogo kidogo. Kunyamaza ndiko kunakolikuza.

*Nimeletewa fomu ya 1099-G ya malipo ambayo sijawahi kuomba. — Msomaji, Phoenix*

Fomu hiyo ni taarifa ya kodi ya malipo ya kukosa kazi, kwa hiyo kuna mtu ametumia jina lako. Ripoti kwa jimbo lililotoa fomu, kwenye ukurasa wake wa udanganyifu, na uombe fomu iliyosahihishwa. Usiiweke pesa hiyo kwenye kodi yako. Kwa wale waliopokea kweli: malipo haya hutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Unaweza kuomba wakate asilimia 10 mapema, na tunashauri hivyo, maana bili ya Aprili huwakuta wengi wamekwishatumia.

*Nikipokea pesa hizi, nitanyimwa kadi ya kijani? — Msomaji, Minneapolis*

Kama ulikuja kama mkimbizi au umepewa hifadhi, kile kipimo cha "mzigo kwa umma", kinachouliza kama mtu atategemea msaada wa serikali, hakikuhusu kabisa unapoomba kadi ya kijani. Sheria yenyewe imekutoa. Kwa wengine, kumbuka tulipoanzia: hii ni bima iliyolipiwa kodi kwa kazi ya mikono yako. Anayeomba kadi kwa njia ya ndoa au ndugu azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma fomu, na amwonyeshe barua zote za dai. Kinachoweza kukudhuru kweli mbele ya uhamiaji ni uamuzi wa udanganyifu, kwa hiyo ukiupata usioustahili, usiuache upite bila rufaa.